Sambaro: kabichi na karoti kwa ndimu, dakika nne tu jikoni

Nakala ya kipindi cha redio. Muda: dakika 20. Msomaji mmoja.

(Muziki wa kipindi, sekunde 10, halafu unashuka taratibu)

Karibu tena katika kipindi chetu cha jikoni. Karibu wewe uliye Nyarugusu, uliye Nakivale, Dzaleka au Kakuma. Na wewe unayesoma nakala hii baada ya kipindi kupita, karibu pia. Isome kwa sauti ili na jirani asikie.

Leo tunapika mboga ya Kihindi inayoitwa sambaro. Ni kabichi, karoti na pilipili mbichi, zinakatwa nyembamba, zinageuzwa kwenye mafuta ya moto kwa dakika tatu au nne, halafu zinakamuliwa ndimu. Basi. Inakuwa chachu kidogo, kali kidogo, na ukiitafuna inalia mdomoni. Unaweza kuila peke yake ukiwa na njaa ya saa kumi, unaweza kuifungia ndani ya chapati, au kuiweka pembeni ya ugali na maharage.

Najua kuna mtu anasema: "Sisi tunangoja mgao, wewe unatuletea mambo ya Wahindi!" Subiri kidogo, baba. Subiri, mama. Nina sababu tatu. Ya kwanza ni kuni. Ya pili ni afya ya fizi na damu yako. Ya tatu ni watoto waliochoka kuona sahani ileile kila siku. Tukimaliza utaamua mwenyewe.

(Muziki mfupi, sekunde 5)

KWANZA: CHAKULA HIKI KIMETOKA WAPI?

Sambaro ni chakula cha watu wa Gujarat, jimbo lililo magharibi mwa India, kando ya bahari. Kwao wanaila pamoja na vitafunwa vya kukaanga vya unga wa dengu, au na chapati. Ni kitu cha pembeni ya sahani, cha kuamsha ulimi.

Watu wa Gujarat ni wafanyabiashara wa tangu zamani. Walivuka bahari kwa majahazi kuja Zanzibar, Mombasa na miji mingine ya pwani. Halafu mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa, na mwaka 1901 ikafika Kisumu, kwenye Ziwa Victoria. Walileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, wengi wao watu wa Punjab. Baada ya reli, maduka ya Wahindi yakasambaa mpaka bara. Chapati unayokula, bhajia, kachumbari, achari, vyote vina asili yao huko. Leo hakuna anayeona chapati kama chakula cha wageni. Ni chakula cha sikukuu ya kwetu.

Na kuna jambo lingine ningependa ulijue. Mwezi wa nane mwaka 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Wengi wao walikuwa na asili ya Gujarat. Waliacha nyumba, maduka na mashamba. Zaidi ya 27,000 walipokelewa Uingereza, na wengi walianza maisha katika kambi za zamani za jeshi, wakipanga foleni ya chakula ambacho hawakukizoea. Viungo vyao waliviendeleza. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, watu wanaopika sambaro nao wanajua kupanga foleni na sahani mkononi. Chakula hiki kimeshatembea njia kama yetu.

(Muziki mfupi, sekunde 5)

PILI: UNAHITAJI NINI?

Chukua kalamu, au mwambie mtoto anayesoma shule akuandikie. Vipimo hivi vinatosha watu watano au sita, kama mboga ya pembeni.

Kabichi nusu, ile ndogo. Sisi wa upande wa Kongo tunaita shu. Ikishakatwa nyembamba iwe kama vikombe vitatu.
Karoti mbili za wastani.
Pilipili mbichi ndefu za kijani, mbili au tatu. Zile fupi kali, weka moja tu.
Mafuta ya kupikia, vijiko viwili vya chakula.
Mbegu za haradali, nusu kijiko cha chai. Ni vile vipunje vidogo vya mviringo, vyeusi au vya kahawia, vinauzwa na wenye viungo.
Manjano ya unga, robo kijiko cha chai.
Chumvi, nusu kijiko cha chai.
Ndimu mbili, au limau moja.

Huna kijiko cha chai? Tumia kizibo cha soda badala yake. Kipime nusu au robo kwa macho.

Sasa tuseme ukweli. Huenda sokoni kwako hakuna haradali. Usihangaike. Weka jira, wengine wanaiita bizari nyembamba. Hakuna jira? Tumia punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa. Harufu itabadilika, lakini chakula kitakuwa kizuri. Manjano yakikosekana, yaache. Usikope pesa kwa ajili ya kiungo.

Na kabichi ikiwa ghali? Tumia papai bichi. Watu wa Gujarat wenyewe wanapika sambaro ya papai bichi tangu zamani. Limenye, toa mbegu, likate vijiti vyembamba kama njiti za kiberiti au likwaruze, kisha lipike vilevile. Mipapai iko mingi kwenye nyua zetu. Lakini mama mjamzito aache papai bichi, yeye atumie kabichi na karoti.

(Muziki mfupi, sekunde 5)

TATU: KUOSHA NA KUKATA

Hapa nakuomba uwe makini kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu sambaro inapikwa muda mfupi. Moto wa dakika nne hauwezi kusahihisha uchafu wote. Mboga nyingi za sokoni zinamwagiliwa maji ya mtaroni au ya bondeni, na kipindupindu kinapenda njia hiyo.

Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kibuyu chirizi kinatosha. Toa majani mawili au matatu ya nje ya kabichi. Usiyatupe, yaoshe na uyachemshe vizuri pamoja na maharage. Menya karoti. Halafu osha kila kitu kwa maji safi ya bombani yaliyotiwa dawa, kabla ya kukata. Ukikata kwanza ndipo uoshe, vitamini nyingi zinaondoka na maji.

Ukishaosha, chuja maji vizuri. Mboga yenye maji ikigusa mafuta ya moto inarusha, na watoto wetu wanapenda kuchuchumaa karibu na mafiga. Wasogeze mbali kwanza.

Kata kabichi nyembamba sana, kama uzi. Karoti ikate vijiti au ikwaruze. Pilipili ipasue kwa urefu. Unauliza kwa nini nyembamba? Kitu chembamba kinaiva upesi. Vipande vikiwa vinene utalazimika kuongeza kuni, na nje vitakuwa vimeshalegea huku ndani bado vibichi. Kisu chako ndicho kinachopunguza kuni, mpenzi msikilizaji.

Andaa kila kitu kabla hujagusa moto. Ndimu zikate kabisa. Bakuli liwe karibu.

(Muziki mfupi, sekunde 5)

NNE: SASA TUPIKE

Usiwashe moto mpya kwa ajili ya sambaro. Ngoja maharage yaive, uyaepue, na wakati moto bado una nguvu, weka sufuria ya sambaro palepale. Maharage yamekula kuni za saa nzima na zaidi. Sambaro inaokota mabaki.

Hatua ya kwanza. Weka mafuta kwenye sufuria kavu. Yakipata moto, tupia punje moja ya haradali. Ikilia na kuruka, mafuta yako tayari. Ikizama kimya, ngoja kidogo.

Hatua ya pili. Weka haradali yote na ufunike nusu, maana itaruka kama bisi. Sekunde kumi, kumi na tano, kelele zitapungua. Usingoje zaidi. Haradali ikiungua inakuwa chungu, na uchungu huo hautoki hata uweke sukari. Kama umetumia jira, haitaruka, itabadilika rangi tu na kunukia.

Hatua ya tatu. Weka pilipili, geuza mara mbili tatu. Kisha manjano, na papo hapo weka kabichi na karoti. Manjano hayapendi kukaa peke yake kwenye mafuta ya moto, yanaungua kabla hujageuka.

Hatua ya nne. Geuza kwa mwiko bila kuacha, dakika tatu au nne. Usifunike, usiongeze maji. Ukifunika, mvuke unailegeza mboga, inakuwa kabichi ya kuchemsha tuliyoizoea. Unataka mboga itoe mvuke, iwe ya moto kote, ing'ae kwa mafuta, lakini ukiitafuna bado inalia. Kama kuna kipindupindu kambini kwako wakati huu, ongeza dakika mbili tatu mpaka iwe ya moto sana kabisa, na uile ikiwa bado moto. Bora ilegee kuliko tumbo liharibike.

Hatua ya tano. Epua. Weka chumvi sasa, mwishoni. Chumvi iliyotiwa madini joto, ile inayotukinga na rovu, haifai kukaa sana kwenye moto.

Hatua ya sita. Hamishia mboga kwenye bakuli la plastiki, la udongo au la enameli, halafu ndiyo ukamulie ndimu. Kwa nini usikamulie kwenye sufuria? Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na asidi ya ndimu inaila alumini kidogo kidogo. Chakula kinapata ladha ya chuma na sufuria inaharibika.

Onja. Ikiwa chachu mno, weka punje chache za sukari. Ikiwa imepooza, ongeza ndimu kabla ya kuongeza chumvi.

(Muziki mfupi, sekunde 5)

TANO: KWA NINI NDIMU INAINGIA MWISHO?

Hapa ndipo ilipo sababu yangu kubwa ya kipindi cha leo. Naomba usiondoke redioni.

Ndani ya ndimu, limau, kabichi, papai na pilipili mbichi kuna vitamini C. Mwili wa mwanadamu hauwezi kuitengeneza wala kuiweka akiba ya muda mrefu. Lazima tuile mara kwa mara. Sasa angalia sahani ya mgao: unga wa mahindi, maharage makavu, mafuta, chumvi. Vinatupa nguvu na vinajenga mwili, hilo hakuna anayebisha. Lakini nafaka kavu na maharage makavu karibu havina vitamini C kabisa.

Mtu akikaa miezi michache bila vitamini C anaweza kupata kiseyeye. Fizi zinavimba na kutoka damu. Miguu inauma na kukaza. Kidonda kidogo kinakataa kupona. Usidhani ni ugonjwa wa mabaharia wa zamani tu. Kati ya mwaka 2017 na 2018, katika kambi ya Kakuma, Kenya, vijana wa kiume kutoka Sudan Kusini walipatwa na maumivu ya miguu na fizi kuvimba, na uchunguzi ukaonyesha ni kiseyeye. Walipopewa vitamini C wakapata nafuu. Vijana wenye nguvu zao, kambini, katika miaka yetu hii. Jambo hili linatuhusu.

Vitamini C ina adui wawili wakubwa jikoni: moto wa muda mrefu na maji mengi. Ukichemsha kabichi nusu saa halafu ukamwaga maji yake, umemwaga dawa. Ukikamulia ndimu kwenye sufuria inayotokota, umeipika. Ndiyo maana sambaro inageuzwa upesi bila maji, na ndimu inaingia ikiwa imeshaepuliwa.

Faida ya pili ni ya damu. Maharage yana madini ya chuma, yale yanayosaidia mwili kutengeneza damu. Lakini chuma cha maharage mwili unakipokea kwa shida. Kikikutana na vitamini C katika mlo huohuo, mwili unakipokea vizuri zaidi. Kwa hiyo sambaro pembeni ya maharage inayafanya maharage yaleyale yakufae zaidi, hasa akina mama wajawazito, wasichana na watoto. Chai na kahawa zinafanya kinyume, zinazuia chuma. Chai yako inywe saa moja hivi baada ya chakula, si pamoja na chakula.

Faida ya tatu ni ya macho. Rangi ya karoti mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na rangi hiyo inahitaji mafuta ili ipokelewe. Vile vijiko viwili vya mafuta havikuwekwa kwa anasa.

Na hapa niseme neno moja kuhusu uchachu. Si kila kitu kichachu kina vitamini C ya kutosha. Siki haina. Ukwaju una kidogo sana. Vinafaa kwa ladha. Kama ndimu hakuna, embe bichi lililokwaruzwa ni zuri, na unga wa ubuyu ni mzuri sana. Changanya mboga ikishaepuliwa, kama ndimu.

(Muziki mfupi, sekunde 5)

SITA: MASWALI AMBAYO HUENDA UNAYO

Je, mtoto mdogo anaweza kula? Anayekula chakula cha familia anaweza, lakini mpikie bila pilipili na umkatie vipande vidogo laini. Mtoto wa chini ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake.

Je, mwenye vidonda vya tumbo? Pilipili na ndimu vinaweza kumchoma. Apikiwe bila pilipili, ndimu kidogo sana, na akiona maumivu aache.

Je, naweza kuiweka mpaka kesho? Hatuna friji, ndugu yangu. Joto la kambini linaharibu chakula upesi. Pika ya kutosha mlo mmoja, na iliwe ndani ya saa mbili. Usiichanganye na achari. Achari inawekwa chumvi nyingi, mafuta na asidi nyingi ndiyo maana inakaa. Sambaro haikai.

Je, naweza kuuza? Ndiyo, na chapati inaipenda. Chapati moja, sambaro vijiko viwili, unakunja. Lakini piga hesabu kwanza. Andika pesa ya kabichi, karoti, ndimu, mafuta, unga na makaa. Jumlisha, gawanya kwa idadi ya chapati utakazotoa. Hapo ndipo unajua kila moja imekugharimu kiasi gani, na bei yako iwe juu ya hapo. Pika kidogo kidogo kadiri wateja wanavyokuja, funika bakuli kwa sababu ya nzi, na anayeshika pesa asishike chakula kwa mkono uleule. Mteja akiumwa tumbo mara moja, mtaa mzima utajua kabla ya jioni.

Je, nikiwa na dalili za kiseyeye nile ndimu tu? Hapana. Fizi zikivimba na kutoka damu, au miguu ikiuma bila sababu, nenda kituo cha afya ukapimwe, au mwambie mhudumu wa afya wa mtaa wako. Fizi kutoka damu kunaweza kuwa na sababu nyingine pia. Chakula ni kinga, na dawa inatolewa na mganga.

(Muziki unapanda kidogo, kisha unashuka)

TUKUMBUSHANE

Osha kabla ya kukata. Kata nyembamba. Tumia moto wa maharage, usiwashe mwingine. Haradali ikinyamaza, mboga iingie. Dakika tatu au nne bila maji wala mfuniko. Epua, chumvi, bakuli, ndimu. Kula ikiwa moto.

Najua wengine wetu mgao ukipungua hata kabichi nusu ni mzigo. Basi tufanye kama tulivyozoea kufanya nyumbani: majirani wawili wanunue kabichi moja, wagawane. Na yule mwenye uwanja mdogo apande pilipili na mpapai karibu na mlango, au kwenye gunia, maji ya kuoshea mboga yanatosha kumwagilia. Kidogo kinachoota mlangoni hakingoji siku ya mgao.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza namna ya kukausha mboga za majani bila kuzipiga jua kali moja kwa moja, ili zifike msimu wa ukame. Waulize wazee wako wanafanyaje, kisha uje na jibu.

Mimi ni mtangazaji wako wa kipindi cha jikoni. Kaa salama wewe na nyumba yako yote.

(Muziki wa kipindi mpaka mwisho)